Tangi la mafuta la Land Rover ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wenye Land Rover za Series, zile zilizotengenezwa kati ya 1948 na 1985, hasa fupi ya 88 au ndefu ya 109 (ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma). Mengi yanafaa pia kwa gari lolote la umri huo lenye tangi la chuma, na wenye Volkswagen ya kobe wana swali lao huku chini. Hata kama kazi utampa fundi, soma sehemu ya usalama kabla hujamkabidhi gari.

Nitajuaje kwamba tatizo ni tangi, si kabureta wala pampu?

Anza na kile kikombe cha kioo kwenye pampu ya mafuta, kama gari lako bado lina pampu ya asili. Kiliwekwa pale ili uone kinachotoka kwenye tangi. Ukikuta unga wa rangi ya udongo mwekundu, hiyo ni kutu. Ukiona matone yaliyokaa chini peke yake bila kuchanganyika na petroli, hayo ni maji. Osha kikombe, endesha gari siku chache, kisha kitazame tena. Uchafu ukirudi haraka, chanzo kiko nyuma ya pampu, upande wa tangi.

Dalili nyingine ni gari kwenda vizuri mjini lakini kukata pumzi kwenye mlima mrefu kama Kitonga, halafu ukisimama dakika kumi linawaka kama kawaida. Hapo vipande vya kutu vimevutwa hadi kwenye mdomo wa bomba la kunyonya, na injini ikizimwa vinadondoka tena chini. Watu wamenunua kabureta mbili na pampu mpya kwa sababu ya ugonjwa huu, kumbe mgonjwa ni tangi.

Ukitaka uhakika, chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, weka mwingine mahali pake, uuzamishe kwenye dumu safi lenye petroli lililofungwa imara mbali na ekzosi, uwashe gari likiwa limesimama na uliache lingurume. Likitulia kwa mafuta ya dumu na kusumbua kwa mafuta ya tangi, umeshapata jibu.

Petroli haina maji. Kutu ya ndani inatoka wapi?

Inatoka kwenye hewa. Tangi likiwa nusu, nafasi ya juu imejaa hewa yenye unyevu. Usiku chuma kinapoa, unyevu unageuka matone, matone yanateleza kwenye kuta na kuzama chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Yanakaa hapo miezi na miaka. Ndiyo maana tangi huoza sehemu mbili: dari, ambako mafuta hayafiki, na sakafu, ambako maji yanalala. Katikati mara nyingi chuma bado kinang'aa.

Kwa magari ya Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ongeza hewa ya chumvi inayokula kutoka nje. Kwenye Series nyingi tangi liko chini ya kiti, karibu na gurudumu, na tope linalorushwa linajikusanya juu yake na kwenye vishikio. Tope hilo linashika maji wiki nzima baada ya mvua. Matangi mengi yaliyotoboka yameoza kuanzia nje, na mwenye gari anahangaika na dawa za ndani bila sababu.

Nitengeneze la zamani au ninunue jipya?

Msimamo wangu: kama chuma kipo, okoa la zamani. Tangi la asili lilikatwa kwa kipimo cha gari lako, mashimo ya bolti yanalingana, shimo la geji linalingana, kiziba cha kumwagia kiko mahali pake, na bati lake mara nyingi ni nene kuliko la matangi mengi ya kuigiza yanayouzwa leo.

Lakini lazima uwe mkweli kuhusu chuma kilichobaki. Litoe, lisugue kwa brashi ya waya hadi uone bati tupu, kisha bonyeza kila sehemu kwa ncha ya bisibisi ukitumia nguvu ya mkono. Bisibisi ikizama au bati likibonyea, hapo chuma kimekwisha. Tundu moja au mawili, au mshono uliofunguka sentimita chache, ni kazi ya kawaida. Sakafu nzima ikiwa na vitundu kila mahali, hakuna kiraka kitakachokusaidia, kwa sababu pembeni mwa kila kiraka kuna bati jembamba lingine linalosubiri zamu yake.

Ukiamua kununua, usiagize kwa jina la gari peke yake. La petroli na la dizeli yanatofautiana, kwa kuwa dizeli ina bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi. Shingo ya kujazia ilibadilika kwa miaka. Station wagon ya 109 ina tangi lake nyuma, siyo chini ya kiti. Piga picha tangi lako pande zote, pima kipenyo cha shingo, hesabu matundu ya geji, ndipo uongee bei.

Kulitoa ni kazi kubwa?

Hapana. Kwenye 88 na pickup ya 109 linakaa chini ya kiti cha mbele cha kulia na linabeba takribani lita 45. Chomoa betri kwanza. Inua mto wa kiti, fungua kifuniko cha bati, utaona waya wa geji na bomba la kunyonya. Mwaga mafuta kupitia kiziba cha chini, legeza mpira wa kujazia na mpira mdogo wa kupumulia, weka jeki yenye ubao chini ya tangi, fungua bolti, shusha taratibu. Bolti zilizoshika kutu zipulizie mafuta ya kulegeza tangu jana yake. Usizipashe moto. Narudia: hakuna moto wa aina yoyote karibu na tangi ambalo bado liko kwenye gari.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Najua ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa, lakini petroli ikiteleza kwenda kwenye mapafu, hata kidogo, inaweza kuleta nimonia mbaya. Mtu akimeza, msimlazimishe kutapika, mpelekeni hospitali. Pampu ya mkono ya plastiki haina bei kubwa.

Usifanye kazi hii juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, kwa hiyo unashuka na kujaa kwenye shimo bila wewe kuuona. Fanya nje, penye upepo, mbali na jiko la mkaa la mama lishe wa jirani, na kizima moto cha unga kikiwa mahali unapoweza kukifikia bila kukimbia.

Fundi wangu anasema tangi likishakuwa tupu halina hatari. Ni kweli?

Si kweli, na imani hiyo imeua mafundi. Petroli ya maji maji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kiwango fulani, kuanzia takribani sehemu 1.4 hadi 7.6 katika kila sehemu 100. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya juu, na hapo mvuke ni mwingi kupita kiasi, hewa haitoshi. Tangi tupu lina hewa tele na mvuke kidogo, yaani mchanganyiko ule ule unaolipuka. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Morogoro.

Kukausha kwa siku mbili juani hakutoshi. Mafuta yanajificha ndani ya mishono, chini ya magamba ya kutu, na nyuma ya kuta za ndani zinazozuia mafuta kuyumba. Pua yako haisikii kitu. Fundi akiweka moto, chuma kinapata joto, mafuta yaliyojificha yanageuka mvuke, na tangi linapasuka mbele ya uso wake.

Utaratibu ninaoukubali ni huu. Toa geji, kiziba na kila kitu kinachofunguka. Osha kwa maji ya moto na sabuni nyingi ya unga, tikisa, mwaga, rudia hadi maji yatoke bila rangi ya mafuta. Kama kuna mtu mwenye mashine ya mvuke wa maji, mpe afanye kwa muda mrefu, mpaka tangi lenyewe liwe la moto. Halafu, wakati wa kuchomelea, lijaze maji na uliweke kwa mkao ambao sehemu ya tundu tu ndiyo iko juu ya maji, na tundu la kupumulia libaki wazi. Fundi mwenye mtungi wa gesi ya agoni, isiyowaka, anaweza kujaza gesi hiyo badala ya maji, mradi anaendelea kuitiririsha kazi nzima. Asiyekubali utaratibu huo asiguse tangi lako, hata kama ni rafiki yako na bei yake ni nzuri.

Wengine huunganisha moshi wa ekzosi kwenye tangi ili kufukuza hewa. Inafaa?

Haifai. Moshi wa ekzosi bado una oksijeni kiasi, hujui ni kiasi gani kimefika kwenye kila kona ya tangi, na una kaboni monoksaidi inayoua bila harufu.

Kutu ya ndani naiondoaje?

Kwanza toa ile inayolegea. Mafundi wengi hutia kokoto na kutikisa. Kokoto zinafanya kazi, ila zinakwama nyuma ya kuta za ndani na utazisikia zikigonga kwa miaka. Tumia mnyororo mwembamba wa chuma, mita moja au mbili, uliofungwa kwa waya upande mmoja ili uutoe wote ukimaliza. Funga tangi kwa blanketi la zamani, mbadilishane kulitikisa na kulibiringisha. Ni kazi ya jasho lakini hakuna dawa itakayofika kwenye chuma kama magamba bado yapo.

Baada ya hapo tumia sitriki asidi, ule unga wa ukali unaouzwa kwa watengeneza juisi na jamu. Gramu 50 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu. Tangi la lita 45 likijaa litahitaji kilo mbili na robo. Jaza hadi juu ili dari nayo iloweke, kwa sababu dari ndiyo inayosahaulika. Chungulia kila baada ya saa chache. Kwa kutu ya kawaida, usiku mmoja unatosha. Kutu ikishaisha asidi inaanza kula chuma kizima, kwa hiyo usiende safari ukaiacha. Siki ya dukani nayo inafanya kazi ila polepole, na utahitaji madumu mengi. Asidi ya betri naikataa kabisa: inakula bati jema pamoja na kutu, na inakula mikono yako.

Ukimwaga asidi, suuza mara moja kwa maji yenye soda ya kufulia, kisha maji safi, kisha kausha haraka. Haraka maana yake ni kabla ya chai. Chuma kilichotoka kwenye asidi kinaanza kuota kutu ya machungwa ndani ya dakika chache. Puliza hewa ya moto kwa blowa, ligeuze juani midomo yote ikiwa wazi, na likishakauka zungushia petroli iliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini ili kuta zote zipate utando. Blowa na petroli visikutane: ukishatia petroli, vifaa vya umeme viondoke.

Nimesikia magadi na chaja ya betri vinaondoa kutu. Inakuwaje?

Hiyo ni elektrolisisi, na kwa tangi lenye kutu nzito naipenda kuliko asidi kwa sababu haili chuma kizima. Unajaza tangi maji yenye soda ya kufulia, kama kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne. Unatumbukiza kipande cha nondo kupitia shimo la geji, kikining'inia bila kugusa tangi popote. Kizibo cha mbao au mpira kinasaidia kukishika. Waya chanya wa chaja unakwenda kwenye nondo, waya hasi kwenye tangi. Ukikosea upande, utakuwa unalila tangi na kuiokoa nondo. Povu likianza, kazi imeanza. Acha kwa saa kadhaa, itoe nondo, isugue, irudishe.

Kuhusu magadi yenyewe: yale mawe yanayouzwa sokoni kwa kulainishia maharage yana chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi haifai hapa, kwani inatoa gesi ya klorini na kuharakisha kutu mpya. Tafuta soda iliyosafishwa, ile ya kufulia au ya viwandani. Ziwa Magadi lenyewe limekuwa likitoa soda ya viwandani kwa zaidi ya miaka 100, kwa hiyo haijatoka mbali.

Usitumie chuma cha pua mahali pa nondo, kwa kuwa kinatoa sumu ya kromi kwenye maji. Na lile povu ni gesi ya haidrojeni, inayowaka kirahisi kuliko hata petroli. Fanya nje. Zima chaja ukutani kwanza, ndipo uchomoe vibano; ukichomoa kibano umeme ukiwa unapita, cheche itatokea mdomoni mwa tangi lililojaa gesi.

Tundu: nilehemu au nichomelee?

Kwa vitundu vidogo na mishono iliyolegea, kulehemu kwa risasi. Matangi mengi ya zamani yalitengenezwa kwa bati lililopakwa mchanganyiko wa risasi na tini, na lehemu inaushika vizuri mno. Risasi ya kawaida ya kulehemu inayeyuka karibu nyuzi 190, wakati chuma hakijafika kwenye wekundu, hakijajikunja, na mishono ya jirani haijafunguka. Mtu wa kumtafuta ni fundi rejeta wa kizazi cha zamani, anayetumia pasi nzito ya shaba iliyopashwa moto mbali na tangi. Wamebaki wachache, na ukimpata mmoja mpe kazi pamoja na kijana wa kujifunza kando yake. Hata kwa kulehemu, tangi lioshwe kwanza kama nilivyoeleza.

Kwa tundu kubwa kuliko ncha ya kidole, bati lililooza likatwe hadi lipatikane jema, kiwekwe kiraka cha unene ule ule, kichomelewe kwa waya wa gesi au kwa agoni, vituo vifupi vifupi. Umeme wa vijiti vinene unatoboa bati la milimita moja kuliko unavyoliunga. Ule utando wa risasi ukipata moto unatoa moshi wa sumu, kwa hiyo fundi asimame upande upepo unakotoka na asivute moshi huo.

Zile dawa za kumwaga ndani zikaganda kama plastiki?

Zina mahali pake, na mahali pake ni mwisho. Tangi ambalo limeshasafishwa, limekaushwa, limezibwa kwa chuma na limepimwa, linaweza kupata epoksi ya ndani kama kinga. Tatizo ni kwamba watu wanaimwaga juu ya kutu na mafuta wakitarajia izibe matundu. Inashika kutu, kutu inaachia chuma, na baada ya mwaka utando unabanduka vipande vipande na kuziba bomba la kunyonya. Kutoa epoksi iliyobanduka ndani ya tangi lenye kuta ni kazi inayokaribia kutowezekana. Matangi mengi mazuri yametupwa kwa sababu hiyo. Kama unalazimika, soma chupa uone kama inavumilia petroli yenye ethanoli, na hakikisha hujaziba tundu la kupumulia.

Tangi limetoboka njiani, mji uko mbali. Nifanye nini?

Chukua sabuni ya kipande, ile ngumu ya kufulia. Ikande kwa vidole iwe laini, ikandamize kwenye tundu kutoka nje. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo itashika hadi ufike. Maji ndiyo yanayoiondoa, kwa hiyo usivuke mito ukiwa nayo. Madereva wa porini wameitumia miaka mingi na mimi naibeba kwenye boksi la spana. Ni ya kukufikisha gereji, siyo ya msimu mzima.

Nitapimaje kama limeziba kweli?

Njia ninayoiamini zaidi ni ya mafuta ya taa na chaki. Saga chaki, changanya na maji kidogo, paka mishono yote na viraka kutoka nje, acha ikauke iwe nyeupe. Mimina lita chache za mafuta ya taa ndani, ligeuze tangi upande mmoja baada ya mwingine, kila upande ulale saa kadhaa. Mafuta ya taa yanapenya ufa ambao maji hayapenyi, na popote penye tundu la sindano chaki itageuka kijivu.

Ukitaka hewa na povu la sabuni, tumia pampu ya baiskeli na usizidishe baa 0.1. Hewa ya kompresa ya gereji usiisogeze karibu. Hata hiyo baa 0.1, kwenye bati la sentimita 30 kwa 30, ni sawa na kuweka mzigo wa kilo 90 juu yake. Tangi lililochoka linavimba, na halirudi.

Je, mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa jua kali wanaweza kuchonga tangi jipya zima?

Wanaweza, na wengine wanalifanya vizuri kuliko la dukani. Wape tangi la zamani kama kielelezo, siyo vipimo vya kwenye karatasi. Bati liwe jeusi la milimita 1.2, lisiwe la kuezekea nyumba. Bati la zinki linatoa moshi unaompa mchomeleaji homa, na zinki haipatani na mafuta, hasa dizeli. Sisitiza kuta za ndani ziwemo. Fundi mwenye haraka huziacha kwa kuwa hazionekani, lakini bila kuta lita 40 za mafuta zinajirusha kwenye kila kona na kupiga mishono mpaka ipasuke. Sisitiza pia kiziba cha chini, na bomba la kunyonya liishie juu kidogo ya sakafu, siyo kuigusa, ili maji na uchafu vipate mahali pa kukaa bila kunyonywa. Pima kwa chaki ukiwa hapo hapo, kabla ya kulipa salio.

Nimerudisha tangi, sasa geji haisomi.

Mara nyingi umelipaka rangi nzuri mno. Geji inahitaji njia ya umeme kurudi kwenye chesisi, na zamani njia hiyo ilipita kwenye bolti zilizogusa chuma kitupu. Kwangua rangi chini ya bolti moja, au vuta waya mdogo kutoka kwenye skrubu ya geji hadi kwenye chesisi. Kama bado, toa kifaa chenyewe, tikisa boya karibu na sikio: likisikika maji ndani, limetoboka na limezama. Kwenye magari ya baadaye geji ya mafuta na ya joto zote zinapata volti 10 kutoka kwenye kidhibiti kimoja kidogo nyuma ya dashibodi, kwa hiyo zikidanganya zote mbili kwa pamoja, usilaumu tangi.

Gasketi ya geji iwe mpya kila unapofungua. Ya koki, ile ya gome la mti, ikishakauka hairudi.

Gari linazima baada ya kilomita chache, na nikifungua mfuniko nasikia "fyuu".

Bomba la kupumulia limeziba. Pampu inavuta mafuta, hewa haiingii, tangi linabaki likinyonywa hadi mafuta yanagoma. Matangi mengine hubonyea kabisa. Huku kwetu mhalifu wa kwanza ni nyigu wa udongo, anayejenga kiota ndani ya bomba lolote jembamba gari likisimama wiki mbili tatu. Pitisha waya laini, puliza, kisha funika mdomo kwa kipande cha wavu mwembamba.

Mimi nina Volkswagen ya kobe, siyo Land Rover.

Tangi lako liko mbele, chini ya boneti, lita 40 hivi, limeshikwa na bolti nne tu. Kusafisha na kuziba ni vile vile. Tofauti ni kwamba harufu ya petroli ndani ya gari ni jambo la haraka kwako, kwa kuwa tangi na abiria wanatenganishwa na bati moja: badilisha mpira wa shingo, mpira wa kupumulia, na ule mpira mfupi chini ya tangi unaoingia kwenye bomba la katikati ya sakafu. Na ile filta ya plastiki watu wanayoitundika nyuma kwenye chumba cha injini, iondoe. Mpira ukichomoka pale, petroli inamwagikia injini ya moto, na kobe wengi wameteketea hivyo. Iweke mbele, chini ya tangi.

Niko Uingereza na Series yangu. E10 inaharibu tangi?

Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ina hadi asilimia 10 ya ethanoli. Ethanoli inavuta unyevu, na maji yakizidi inajitenga na kushuka chini pamoja nayo, ikila chuma pale pale panapooza siku zote. Inalainisha pia mipira na gasketi za zamani. Jaza ile ya bei ya juu yenye hadi asilimia 5, badilisha mipira yote iwe ya aina inayovumilia ethanoli, na usiache mafuta yalale tangini majira yote ya baridi.

Kuondolewa kwa risasi kwenye petroli kumeathiri tangi?

Hapana. Hilo ni suala la viti vya valvu kwenye injini. Tangi halijali.

Petroli mbovu niliyoitoa niipeleke wapi?

Isiende mtaroni wala kwenye shamba. Na kwa vyovyote isichanganywe na mafuta ya taa ya jiko au taa: nyumba zimeungua na watu wamekufa kwa mchanganyiko huo. Iweke kwenye dumu la chuma lenye mfuniko na alama, uipeleke gereji inayokusanya mafuta machafu.

Gari litasimama miezi sita. Tangi liwe limejaa au tupu?

Kama petroli yako haina ethanoli, lijae hadi shingoni, ili hewa yenye unyevu ikose nafasi. Ukirudi, kabla ya kuwasha, fungua kiziba cha chini na kinga nusu lita kwenye chupa ya kioo. Iache itulie. Ukiona mstari unaotenganisha tabaka mbili, endelea kumwaga hadi itoke petroli tupu, badilisha filta, ndipo uwashe.